Reli ya Ghorofa ya Tatu

Reli ile ilihitaji vishikizo sita. Nilifunga viwili, nikakatazwa kufunga vinne vilivyobaki. Nilikatazwa nikiwa na drili mkononi, ndani ya nyumba niliyozaliwa, na wanawake wawili, mmoja wao ndiye aliyenisukuma kwenye kazi hiyo miezi miwili mfululizo. Najua wanasema hasira hasara. Sawa. Hasara nimeshaipata, basi hasira niachieni.

Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu, nyembamba, imebanwa na za jirani kulia na kushoto, kama zilivyo zote kwenye kichochoro chetu hapa Tainan. Chini tunaegesha pikipiki na kupika. Katikati tunalala mimi na mke wangu Pei-jun, na Mama ana chumba cha nyuma. Juu kabisa ni madhabahu ya mababu, maana wazee hawawekwi mahali ambapo watu watawatembelea kichwani. Kila asubuhi na kila jioni Mama, mwenye miaka sabini na mbili na magoti yanayolia, hupanda ngazi kumi na saba kwenda kuwachomea udi. Ngazi zenyewe ni za saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, zinateleza hata zikiwa kavu. Reli ya mbao aliyoiweka marehemu Baba ilikuwa imeliwa na mchwa. Mwezi wa tisa Mama akaniamuru niing'oe niweke mpya, nikaing'oa. Kwa hiyo jambo lenyewe ni hili, wala halitaki akili nyingi: reli mpya isipofungwa sawasawa, Mama anaanguka.

Sasa nikwambie ambacho mimi sikuambiwa, maana mimi simfichi mtu. Pei-jun alikuwa na mimba ya wiki saba. Kwetu kuna miiko miwili. Wa kwanza, mimba haisemwi kabla ya miezi mitatu. Wa pili, nyumba yenye mja mzito haipigiliwi msumari, haitobolewi ukuta, hata kitanda hakisogezwi. Wanasema roho inayomlinda mtoto imekaa mahali fulani humo ndani, leo mlangoni, kesho jikoni, na ukipagonga pale ilipo umemgonga mtoto. Kila mwiko peke yake hauna neno. Iweke yote miwili katika nyumba moja, pamoja na mwanamume mwenye drili ambaye hajaambiwa kitu, halafu kaa pembeni utazame.

Ninasema leo kwa sababu miezi mitatu imetimia juzi na ruhusa imetoka.

Mimi si fundi. Ninafundisha historia sekondari, na vidole vyangu vimezoea chaki. Lakini Baba alikuwa mtu wa kushika kila kitu mwenyewe, bomba, bati, waya, na alipofariki Mama akaamua kwamba ujuzi ule umenirukia mimi usiku wa mazishi. Nilianza na kiango cha taulo bafuni, kikaanguka na kigae chake. Nikafuata mlango wa kabati la jikoni, ambao mpaka leo kitasa chake kiko juu, na Pei-jun, ambaye ni mfupi, huufungua kwa mwiko wa kupikia. Nikabadilisha kiti cha choo, kikawa kinawafinya wageni. Nilimwambia Mama nitaita fundi. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwanamume mwenye mikono miwili aite fundi kwa ajili ya ubao mmoja? Baba yako angeifunga hii huku anakula."

"Baba alikuwa anaweza, Mama. Mimi siwezi."

"Hujataka. Mtu akitaka anaweza. Na nimeshawaambia majirani kwamba unaifunga wewe."

Hapo ndipo aliponimaliza. Akishawaambia majirani imekuwa sheria. Hata hivyo niliwapigia mafundi watatu kwa siri. Wawili walisema kazi ndogo hawafuati. Wa tatu alicheka, akaniuliza kama sina nyundo.

Nikaenda kwa Mzee Kho, mwenye duka la vifaa pale kona ya kichochoro. Mzee Kho ananifahamu tangu nikiwa na kamasi, na kwa hiyo hana adabu na mimi.

"Mwalimu, karibu. Leo umevunja nini?"

"Nataka skrubu za kufunga reli."

"Ukuta ni wa tofali au wa zege?"

"Ni mweupe."

Aliweka miwani yake mezani. "Mweupe," aliwaambia wateja wawili waliokuwa wanachagua rangi. "Mmesikia? Huyu ndiye anayewasomesha watoto wenu." Walicheka wote, na mimi nikasimama pale masikio yakiwaka. Alipochoka kunicheka alikuja kuuona ukuta mwenyewe, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasema ni tofali. Akanipa drili ya kuazima, vishikizo sita vya chuma, na vile vibomba vya plastiki vinavyotangulia shimoni ili skrubu ipate mahali pa kung'ata. Akanionyesha mara tatu. Kisha akanionyesha tena.

Jumamosi hiyo niliianza kazi nikiwa nimenuna, na nilinuna hasa. Nilipima kwa pimamaji, nikapiga alama ya penseli, nikatoboa. Vumbi jekundu likanijaa machoni. Nikatia kibomba, nikaweka kishikizo, nikakaza skrubu mbili kwa bisibisi, halafu nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Hakikutikisika. Nikaning'inia. Hakikutikisika. Nilifunga cha pili, nacho kikakaa hivyo hivyo. Nikailaza reli mpya juu yake, mti mzuri, laini, nikaibana na vile viwili vya chini, na ule upande wa juu nikauegemeza ukutani ukisubiri vinne vyake. Sitaki kukudanganya. Nilikaa kwenye ngazi nikaitazama reli ile kama mtu anayetazama gari jipya. Miaka thelathini na tisa, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokifunga kikakaa.

Ndipo Pei-jun alipoingia kutoka kazini. Anauza dawa kwenye duka la dawa karibu na stesheni. Alisimama chini ya ngazi na mkoba wake begani, akaona vumbi, akaona drili, rangi ikamtoka usoni.

"Unafanya nini?"

"Unaona nafanya nini. Njoo uvute hapa. Vuta."

"Acha."

"Bado vinne."

"Kun-lin, acha. Kichwa kinaniuma."

Kichwa cha mtu kinauma, mimi ni nani nishindane nacho. Nikaacha. Jumapili kichwa kikauma tena. Jumatatu jioni nilitaka walau nifunge kimoja, kichwa kikauma kabla sijachomeka waya. Mtu anauza dawa za kichwa siku nzima halafu hana hata kidonge kimoja cha kwake. Jumamosi iliyofuata niliamka mapema, nikakuta drili ipo lakini ncha yake haipo. Nilitafuta chini ya ngazi, jikoni, kwenye pikipiki. Niliikuta kwenye mkoba wake, kwenye kile kimfuko cha ndani chenye zipu.

"Ncha ya drili inatafuta nini humu?"

"Niliiona sakafuni nikaiokota."

"Ukaifungia zipu?"

"Isipotee."

"Pei-jun, usinifanye mtoto. Sema unachotaka."

"Nataka usitoboe. Subiri mwezi mmoja tu, mwezi mmoja na nusu. Ni ombi."

"Kuna nini mwezi huo?"

Alichukua mkoba wake akafunga ile zipu. Kama angesema pale tungekuwa tunaongea mambo mengine leo.

"Mama akianguka?"

"Atashika ukuta. Miezi miwili sasa anashika ukuta."

"Kumbe ndiyo hivyo. Kama humtaki mama yangu humu ndani sema, usijifiche kwenye kichwa kinachouma."

"Huna akili," alisema kwa sauti ya chini, akaingia chumbani akafunga mlango. Niliiweka ncha mfukoni. Ukweli ni kwamba siku hiyo ningetoboa, mlango ufungwe usifungwe. Kilichonizuia ni walimu wenzangu waliopiga simu niende nikasahihishe mitihani.

Jioni Mama alipika mchuzi wa samaki na tangawizi. Pei-jun alilisukuma bakuli lake kando, akainuka kwenda kutafuta zile plamu zilizokaushwa kwa chumvi, akala saba mfululizo. Mimi niliona mwanamke mwenye kiburi anayekataa chakula cha mama mkwe. Mama aliona kingine. Alitazama bakuli, akatazama kokwa zilizopangwa kwenye kitambaa, akaniongezea mimi mchuzi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi sikuwa kata, nilikuwa mtu wa kuongezewa mchuzi.

Asubuhi yake nilikuwa nimeshachomeka waya wakati Mama alipotoka chumbani kwake na nguo za kulalia.

"Hiyo reli iache."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Niiache vipi?"

"Iache. Siitaki tena."

"Miezi miwili umenipigia kelele mpaka nikimaliza kipindi shuleni nasikia sauti yako."

"Magoti yamepona."

"Yamepona lini?"

"Jana."

"Kwa dawa gani?"

"Unanihoji kama polisi? Nimesema yamepona. Rudisha hiyo mashine kwa Mzee Kho, na usipige nyundo humu ndani mpaka nikwambie."

Damu ikanichemka. Nilijua kinachoendelea, au nilidhani najua. Pei-jun amekwenda kwa Mama nyuma ya mgongo wangu, wamekaa wakacheka kazi yangu, wameona bora iachwe kuliko niharibu ukuta. Kitu kimoja nilichokifunga kikakaa, hicho hicho ndicho wanachonikataza. Na sikuomba kazi ile. Nilisukumwa kwenye kazi ile kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na nilipoanza kuipenda nikaambiwa toka.

Nilisema mengi. Nilisema mpaka mama Tsung wa nyumba ya kulia akazima redio yake ili asikie vizuri. Nilisema mimi si mtoto wa kutumwa na kurudishwa. Nilisema kama kazi yangu haifai waseme mbele yangu. Mama alisimama pale akiwa ameshika fremu ya mlango wake, macho yake yanakwenda kwenye mlango wa chumba chetu na kurudi kwangu, na kila nilipopandisha sauti alinifanyia ishara ya mkono niishushe. Hilo nalo likanizidishia moto.

"Basi," nikamwambia. "Ikae hivyo hivyo. Kila anayepanda aione."

Hapa ndipo pangu, na nitapasema mwenyewe kabla hujapasema wewe. Reli ile ilikuwa imekaa kwenye vishikizo viwili vya chini. Upande wa juu ulikuwa umeegemea ukuta tu. Kwa mtu anayepanda kutoka chini ilikuwa imara. Kwa anayeshuka kutoka juu ilikuwa mtego. Kuitoa hakukuhitaji drili wala nyundo, ni bisibisi tu na skrubu chache, hata paka asingeamka. Nililijua hilo. Sikuitoa. Nilitaka wote wawili wapite hapo asubuhi na jioni, waione kazi waliyoikatiza, iwachome. Nilifunga mfuko mwekundu wa plastiki kule juu, nikamwambia Mama asiguse pale, akasema hana upofu. Nikaona nimemaliza wajibu wangu.

Siku nane sikusema na mtu mle ndani ila "chumvi" na "naondoka". Pei-jun naye alinyamaza. Mama alikuwa akiongea peke yake, na mara nyingi kuliko zamani alikuwa huko juu. Udi wa asubuhi aliokuwa akiuchoma kwa dakika tano sasa ulimchukua nusu saa. Nilimsikia akinong'ona nikadhani anawashitakia wazee habari zangu.

Siku ya tisa ilikuwa tarehe mosi kwa kalenda ya mwezi mwandamo, na siku hiyo wazee hupewa matunda. Mama alipanda na sahani ya machungwa. Mimi nilikuwa chini nafuta pikipiki. Nilisikia kitu kizito kikigonga ukuta, halafu machungwa yakiteremka ngazi moja baada ya jingine, halafu kimya.

Nilimkuta kwenye kituo cha katikati ya ngazi, mguu wa kushoto umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Reli ilikuwa imezunguka ikamlalia kifuani. Mfuko mwekundu ulikuwa mkononi mwake. Hata leo hajui kama alishika kwa kusahau au aliteleza kwanza. Nilifungua mdomo niite, akanishika ukosi akanivuta mpaka uso wangu ukafika kwake.

"Usipige kelele," alisema. "Pei-jun asishtuke."

Mtu amevunjika nyonga, na anahofia mtu mwingine asishtuke. Sikuelewa, na sikuwa na muda wa kuelewa. Nilimpigia simu mtu wa gari la wagonjwa kwa kunong'ona, kama mwizi.

Hospitali walisema ni nyonga, atapasuliwa siku hiyo hiyo. Tukakaa kwenye korido, mimi na Pei-jun, viti viwili vya plastiki na kimoja kitupu katikati yetu. Nilikuwa nimejizuia ndani ya gari na nilikuwa nimejizuia mapokezi. Pale sikuweza tena.

"Umeridhika sasa?"

Aliuvuta mkoba wake mapajani.

"Vishikizo vinne. Saa moja ya kazi. Kichwa chako kimepona, au bado kinauma?"

"Nina mimba," alisema. "Wiki ya kumi."

Alisema akitazama ukuta wa mbele ambako kulikuwa na tangazo la kunawa mikono. Nikalisoma tangazo lile lote. Nililisoma mpaka namba ya simu iliyokuwa chini.

"Na ile drili."

"Siamini mambo ya roho," alisema. "Nimesomea dawa, Kun-lin, najua mimba inatokaje. Lakini mara ile pia nilikuwa sijali, tukahamisha kitanda, na ikatoka. Safari hii sikutaka kujaribu kujua nani ni mkweli."

"Mama anajua?"

"Sijamwambia. Alinijua mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa, wakamtoa Mama kwenye kitanda cha magurudumu kumpeleka kwenye chumba cha upasuaji. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyowahi kuuona. Nilikwenda pembeni yake nikitembea na kitanda, na badala ya kumpa pole nikamwuliza lililokuwa kooni.

"Ulijua, ukanyamaza. Ukakubali kupanda pale na reli ile."

"Nilikuwa nawaambia wazee wamwangalie mtoto," alisema. "Hao lazima waambiwe kila siku, wanasahau."

"Umewaambia wafu, mimi baba yake hukuniambia."

"Wafu hawana simu, mwanangu." Kisha akamwona Pei-jun nyuma yangu. "Na wewe kaa, usisimame namna hiyo. A-Lin, mwanangu, usitoboe. Hata nikirudi. Mpaka azaliwe." Wakamwingiza.

Wafu hawana simu. Nilirudi kwenye kiti na maneno hayo, na hasira yangu yote ilibaki pale pale, ila sasa kila nilipotaka kumtupia mtu ilinigeukia.

Maana simu ni mimi. Miaka miwili iliyopita Pei-jun aliniambia asubuhi, ilikuwa wiki ya sita, na ilipofika saa sita mchana ukoo mzima ulikuwa na habari. Tuna kundi la ukoo kwenye simu, watu thelathini na mmoja, mashangazi, wajomba, dada yangu mkubwa Li-kuan aliyeko Taipei, na binamu ambao siwajui sura. Niliandika pale. Niliandika na picha ya kile kipimo. Nilishindwa tu kukaa nayo. Wiki mbili baadaye mimba ikatoka, na pongezi zikaendelea kuja, kwa sababu habari mbaya sikuiandika kwa haraka ile ile. Shangazi mmoja wa Hualien alituma boksi la nguo ndogo. Lilifika siku nne baada ya Pei-jun kutoka hospitali, na aliyelifungua ni yeye, mimi nikiwa shuleni.

"Ungeniambia mimi peke yangu," nilisema. "Ungeniapisha."

"Ningekuapisha, ungeapa."

"Kwa hiyo huniamini."

"Siyo hilo tu." Alikuwa anakunja tiketi ya maegesho, anaikunja na kuikunjua. "Mara ile ulifurahi sana. Uliingia jikoni ukambeba Mama juu. Sikuweza kukuangalia tena ukifurahi vile, halafu mimi ndiye nije kukwambia imetoka. Nilisema nitabeba peke yangu mpaka mwezi wa tatu. Kumbe kichwa chako nacho ni kigumu."

Nilisema naenda nyumbani kuchukua nguo za Mama.

Nyumbani niliokota machungwa. Nikafuta ngazi. Halafu nikachukua bisibisi, nikapiga magoti pale kituoni, nikafungua skrubu zilizokuwa zimeishikilia reli. Sikutoa sauti yoyote. Nilitazama saa ya ukutani nilipoanza na nilipomaliza. Dakika nne. Niliibeba reli mpaka chini nikailaza nyuma ya pikipiki, na nikakaa sakafuni karibu nayo nikalia kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa ya Mama wala ya Pei-jun.

Niliporudi hospitali daktari alikuwa ameshatoka. Upasuaji ulikwenda vizuri. Atatembea, alisema, lakini kwa miezi, na kwa gongo, na ngazi asizifikirie mwaka huu. Niliketi, safari hii kwenye kile kiti cha katikati.

Simu ikalia. Li-kuan alikuwa ameandika kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu thelathini na mmoja. Mama Tsung alikuwa amempigia, akamsimulia reli, mfuko mwekundu, na yale makelele yangu.

"Mama amevunjika nyonga kwa reli iliyofungwa nusu," aliandika. "Nusu, ndugu zangu. Alianza kazi ya saa moja, akanuna, akaiacha siku tisa. Mimi niko mbali natuma dawa za magoti, yeye anayekaa naye anamwekea mtego. Kun-lin, tueleze hapa, wote tunasoma."

Wakaingia wengine. Mjomba aliandika kwamba walimu kazi yao mdomo. Shangazi wa Hualien aliandika kwamba Baba huko aliko anaona aibu. Binamu nisiyemjua sura aliweka kikaragosi kinachotikisa kichwa.

Vidole vyangu vilianza vyenyewe. Niliandika kwamba nilikatazwa. Niliandika nani alinikataza na kwa nini alinikataza. Niliandika kwamba nilikuwa na drili mkononi, kwamba nilidanganywa na watu wawili, kwamba kama kuna wa kuulizwa si mimi. Iliniwia tamu kuandika. Lilikuwa jibu zuri, hata Li-kuan angekosa la kusema. Angeanza kuomba radhi na mwisho angeanza kupongeza, na wote wangefuata, pongezi thelathini. Nilibakiza kubonyeza tu.

Pei-jun alikuwa ameona. Yeye pia yumo kwenye kundi lile, na simu yake ilikuwa wazi mapajani na matusi yote niliyotukanwa yamejipanga. Alitazama skrini yangu, akatazama kidole changu.

"Ukituma sitakulaumu," alisema. "Wamekuonea."

Nilifuta. Nilifuta neno moja moja, na kila moja liliniuma, maana mengi yalikuwa kweli. Kisha nikaandika: "Nilianza kazi nikaiacha. Reli ile ningeweza kuitoa kwa dakika nne, sikuitoa kwa sababu ya kununa. Kosa ni langu. Upasuaji umekwenda vizuri." Nikatuma.

Walinishukia. Li-kuan aliandika kwamba ndivyo nilivyo tangu utoto. Mjomba aliandika jambo refu kuhusu wanaume wa siku hizi. Kila ujumbe ulipoingia simu mbili zilitetemeka pamoja, yangu mkononi na yake mapajani, na Pei-jun alizisoma zote, polepole, mpaka ya mwisho.

"Alhamisi saa nne nina kliniki," alisema. "Watasikiliza moyo. Uje."

Nikamwambia nitakuja. Simu zetu zikatetemeka tena, na hakuna kati yetu aliyetazama ni nani.